Kivuli cha Mwembe Kinapozima Taa

Watu wa mikoa mingine wakitajiwa Tabora hukumbuka vitu viwili, asali na maembe. Asali inatoka katika misitu ya miombo, kule Sikonge na Urambo. Maembe yana historia yake. Mji wetu, ambao wageni wa zamani waliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara iliyotoka Bagamoyo kuelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na mingine iliyopanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya mji, mwaka 1872, na tembe lake leo ni makumbusho. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hiyo ya pembe na watumwa katika orodha ya maeneo inayoyapendekeza kwa UNESCO.

Ukiifuata njia hiyo utaona miembe mikubwa imesimama. Wazee wengine husema ilipandwa makusudi, wengine husema ni kokwa zilizotupwa na wapagazi zikaota zenyewe. Vyovyote iwavyo, misafara ilikuwa ikianza safari kabla ya mapambazuko, na jua likishapanda watu waliokuwa na mizigo mabegani, na wengine minyororo shingoni, walihitaji mahali pa kupumzika. Kivuli kilikuwa uhai. Hata katika Biblia tunamkuta Eliya amelala chini ya mretemu, na Yona akifurahia mmea uliomfunika kichwa, kisha akikasirika ulipokauka.

Sasa, akina mama wenzangu, juu ya mapaa yetu kimekuja kitu kisichopenda kivuli hata kidogo, nacho ni paneli ya sola.

Sola si jambo geni tena mkoani kwetu. Kabla yake, wenzetu wa Urambo walionyesha njia katika miaka ya 1990 walipoanzisha ushirika wao wenyewe wa umeme kwa jenereta la dizeli. Baadaye Wakala wa Nishati Vijijini umepeleka nguzo katika vijiji vingi. Hata hivyo nguzo kupita barabarani ni jambo moja, na waya kuingia nyumbani mwako ni jambo jingine, hasa kama nyumba iko mbali na barabara au mwenye nyumba hajapata fedha ya kuunganishiwa. Ndiyo maana paneli bado zinanunuliwa kila siku, kwa mikopo ya VICOBA, kwa fedha za tumbaku, na kwa akiba za vikundi vyetu vya akina mama makanisani.

Shida ni kwamba wengi wetu tunanunua paneli kama tunavyonunua godoro. Tunauliza ukubwa na bei, na tukishafika nyumbani tunamwachia fundi atafute mahali pa kuiweka.

MAMA MJANE NA PANELI MBILI

Nitawaeleza habari ya mama mmoja anayekaa upande wa Kwihara. Jina lake nitalihifadhi. Ni mjane, ana watoto watatu na mjukuu mmoja. Kwa mkopo wa kikundi alinunua paneli mbili za wati 100 kila moja, betri mbili na vifaa vyake. Fundi alizifunga mwezi Desemba, juu ya bati, na kazi ilikuwa nzuri. Taa ziliwaka, binti yake aliyekuwa kidato cha tatu alisoma usiku, na majirani walileta simu zao kuchaji kwa malipo kidogo. Fedha hiyo ya simu ndiyo iliyokuwa ikirejesha mkopo.

Ilipofika Mei taa zikaanza kufifia saa mbili usiku. Juni zikawa hazifiki hata saa hiyo. Majirani wakapeleka simu zao kwingine, marejesho yakakwama, na nyumbani koroboi ikarudi mezani. Jioni moja mjukuu wake wa miaka miwili aliivuta kwa kitambaa cha meza, akaungua mkono na kifua. Hivyo ndivyo nilivyoijua nyumba hiyo, kwa sababu mtoto aliletwa kwetu kufungwa kidonda. Alikuja amepakwa dawa ya meno. Naomba nirudie hapa jambo tunalolisema kila siku kliniki: mtoto akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika ishirini, halafu kitambaa safi, halafu hospitali. Si dawa ya meno, si mafuta, si yai.

Nilipokwenda kumtazama mtoto nyumbani nikamkuta mama huyo na ugomvi mwingine. Fundi wa pili alikuwa amemwambia betri zimekufa, anunue nyingine. Shemeji yake naye alisema kinachotakiwa ni kuukata mwembe uliopo kaskazini mashariki mwa nyumba.

"Sista," aliniambia, "huo mwembe aliupanda baba mkwe. Wanangu wote wamekua chini yake. Nikiukata, ukoo utasema nimeanza kufuta alama za mume wangu. Nisipoukata, nalipa deni la sola isiyowaka."

Mimi ni muuguzi, si fundi umeme. Lakini kwa miaka mingi nimefanya kazi katika zahanati zisizo na umeme wa gridi, na huko muuguzi hujifunza sola apende asipende, maana chanjo na taa ya kuzalishia vinaitegemea. Tulimwita kijana mmoja fundi wa kanisani kwetu, tukakaa siku nzima tukiangalia kivuli kinavyotembea juu ya bati. Mengi ya yanayofuata niliyaelewa vizuri zaidi siku ile.

KWA NINI KIVULI KIDOGO KINALETA HASARA KUBWA

Mtu akiona kivuli kimefunika robo ya paneli hudhani amepoteza robo ya umeme. Sivyo. Anaweza kupoteza karibu wote.

Itazame paneli kwa karibu. Utaona imegawanyika katika vipande vya rangi ya buluu au nyeusi. Hivyo huitwa seli, na kila seli hutoa karibu nusu volti tu. Ili kupata umeme wa kuchaji betri ya volti 12, paneli ya kawaida ya nyumbani ina seli 36 zilizoungwa moja nyuma ya nyingine, kwa mfululizo. Umeme unapita katika seli ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya thelathini na sita.

Fikiria wapagazi wa zamani katika njia nyembamba porini, mmoja nyuma ya mwenzake, hakuna nafasi ya kupitana. Mmoja akiumwa akapunguza mwendo, msafara mzima unakwenda kwa mwendo wa mgonjwa. Seli iliyofunikwa na kivuli ndiyo huyo mgonjwa. Seli thelathini na tano zinaoga jua, lakini umeme unaotoka ni ule tu unaoweza kupita katika seli moja iliyo gizani. Tena seli hiyo, kwa kuwa inasukumwa na wenzake, hupata joto kali. Kivuli kikizoea kukaa hapo, yaweza kuungua na kuacha doa la kahawia.

Watengenezaji wanalijua jambo hili, kwa hiyo nyuma ya paneli nzuri, ndani ya kile kisanduku cheusi cha nyaya, huweka vifaa vidogo vinavyoitwa dayodi. Kazi yake ni kufungua njia ya pembeni, ili umeme ulizunguke fungu la seli lenye mgonjwa. Paneli ya seli 36 kwa kawaida huwa na dayodi mbili, kila moja ikihudumia nusu ya seli. Vipaneli vingine vya bei nafuu havina hata moja.

Lakini hata dayodi zikiwepo, fanya hesabu. Nusu ya paneli ikirukwa, inabaki nusu ya volti, yaani kama 9. Betri ya volti 12 haiwezi kuchajiwa na volti 9, kama vile maji ya pipa la chini hayapandi kwenda pipa la juu. Basi kwa paneli moja na betri moja, dayodi inailinda seli isiungue, lakini haikupi taa. Tawi moja la mwembe, au dishi la televisheni, au khanga mbili zilizoanikwa kwenye kamba iliyopita mbele ya paneli, vinatosha kuiharibu chaji ya asubuhi nzima. Kinyesi cha popo nacho ni hivyo hivyo, na miembe ikizaa popo hawakosekani.

JUA LA TABORA LINAPITA WAPI

Kwa nini taa za mama yule ziliwaka Desemba na kuzimika Juni? Mwembe haukurefuka kwa miezi sita. Jua ndilo lililohama.

Tabora iko kama nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Kuanzia mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana hupita upande wa kusini wa utosi wetu. Kuanzia hapo hadi Oktoba tena hupita kaskazini. Mwishoni mwa Juni linakuwa limelala kaskazini kuliko wakati wowote, na hata linapofikia juu kabisa haliko utosini. Mti wenye kimo cha mita 15 ulio kaskazini mwa nyumba hutupa kivuli cha mita 8 hivi kuelekea kusini wakati huo. Saa tatu asubuhi kivuli cha mti huo huo ni zaidi ya mita 20, nacho kinaelekea kusini magharibi. Fundi aliyepanda juu ya bati mwezi Desemba aliona kweupe kabisa, na hakusema uongo. Hakuuliza tu juu ya Juni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hapa hawalijui. Saa zetu zote Tanzania zinafuata kipimo kimoja, nacho kinalingana na nchi zilizo mashariki zaidi yetu. Kwa hiyo Tabora jua halifiki juu kabisa saa sita mchana, bali karibu na saa saba kasoro dakika kumi. Saa sita bado liko upande wa mashariki. Ukipima kivuli saa sita ukidhani ni cha jua la utosi, umepima kivuli cha asubuhi. Mti ulio mashariki mwa nyumba unaiba saa nyingi kuliko unavyodhani, na wakati wa mvua, ambapo mawingu mengi hujikusanya mchana na jioni, jua la asubuhi ndilo lenye thamani.

Kwa mwenye kutaka kufunga sola, njia rahisi ni kuchagua siku ya jua, kuangalia paa saa tatu, saa sita, na saa tisa alasiri, na kuweka alama ya chokaa pale kivuli kilipoishia. Kisha akumbuke kwamba mwezi Juni vivuli vya mchana vinasogea kusini na mwezi Desemba vinasogea kaskazini. Sehemu ya paa isiyoguswa na alama yoyote kati ya saa tatu na saa tisa ndiyo ya paneli. Hapa kwetu paneli ielekee kaskazini, iinuke kidogo tu, nyuzi 10 hadi 15, ambazo zinatosha mvua kuisafisha na vumbi kutelemka. Nimeona nyumba ambazo paneli imeelekezwa kusini kwa sababu kitabu cha maelezo kilisema hivyo. Kitabu hicho kiliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya.

VOLTI ZINADANGANYA

Turudi kwa betri za mama yule. Fundi wa pili alikuwa amepanda juu ya paa asubuhi, akapima paneli iliyokuwa kivulini kwa mita, akapata volti 19. Akasema paneli nzima, kwa hiyo ubaya uko kwenye betri.

Hapa ndipo familia nyingi zinapopoteza fedha. Paneli iliyo kivulini, ikiwa haijaungwa na kitu chochote, bado huonyesha volti karibu sawa na iliyo juani. Volti ni kama kimo cha pipa la maji. Kinachojaza ndoo ni wingi wa maji yanayotoka, nao hupimwa kwa ampea. Kijana wetu alipima ampea huku paneli zikichaji. Kivuli kilipokuwepo alipata chini ya ampea moja. Kivuli kilipoondoka, karibu na saa sita, zikaruka zikawa zaidi ya tano. Alikuwa amesimama pale pale, na paneli zilikuwa zile zile.

Mwombe fundi wako akuonyeshe ampea. Kama hataki, au mita yake haina sehemu hiyo, mwite mwingine.

MFULULIZO AU SAMBAMBA

Paneli zile mbili zilikuwa zimeungwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja imeingia hasi ya nyingine, ili zitoe volti 24 kwa betri mbili zilizoungwa vivyo hivyo. Kwa nyumba isiyo na mti hilo ni jambo zuri. Kwa nyumba yenye mti ni kurefusha msafara: sasa kuna seli 72 katika mstari mmoja, na mgonjwa mmoja anawachelewesha wote. Kivuli cha mwembe kilikuwa kikiifunika paneli ya mashariki tu. Ya magharibi ilikuwa juani tangu saa mbili, lakini haikuweza kufanya kazi, kwa sababu peke yake haiwezi kusukuma volti za kutosha kuingia katika betri za 24.

Njia ya pili ni kuunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Hapo kila paneli ina njia yake. Iliyo gizani inapumzika, iliyo juani inaendelea. Volti zinabaki za betri ya 12, lakini ampea zinajumlishwa. Kwa nyumba ambayo kivuli kinagusa paneli moja na kuiacha nyingine, mimi naona sambamba ndiyo salama, na kijana wetu alikubali. Kisanduku kinachoongoza chaji, ambacho mafundi hukiita kontrola, kilikuwa cha aina inayokubali volti 12 na 24, kwa hiyo hakikuhitaji kubadilishwa. Taa zake zilikuwa za volti 24, na hizo ilibidi zibadilishwe. Balbu za LED hazikuwa ghali.

Kuna kontrola za kisasa ziitwazo MPPT. Hizo zinaweza kupokea volti nyingi za paneli na kuzigeuza ziwe ampea za betri, na baadhi yake zikikuta paneli moja kivulini hutumia njia ya dayodi na kuchukua kilichobaki. Ni nzuri, lakini bei yake ni kubwa. Kwa paneli mbili ndogo fedha hiyo ni afadhali inunue waya mnene.

Nasema waya mnene kwa sababu sambamba ina gharama yake. Paneli mbili za wati 100 zikiungwa sambamba hutoa kama ampea 11, wakati kwa mfululizo zilikuwa 5 na nusu tu. Ampea zikiongezeka, waya mwembamba hula volti. Tuchukue umbali wa mita 10 kutoka paneli hadi betri, kwenda na kurudi mita 20. Kwa waya wa shaba wa 2.5, ule unaotumika kwenye soketi za nyumbani, unapoteza karibu volti moja na nusu. Kwa waya wa 6 unapoteza kama nusu volti na kidogo. Unaweza kusema volti moja ni kitu gani? Paneli iliyoandikwa volti 18 ikikaa juu ya bati la Tabora mchana wa Oktoba hupata moto mkali, na joto hupunguza volti zake hadi 15 na nusu hivi. Betri ya maji inahitaji volti 14 na nusu kasoro kidogo ili ijae. Ukitoa volti moja na nusu za waya, betri haijai hata siku moja, jua liwake namna gani. Ukitumia waya wa 6 inajaa.

Kwa hiyo usikubali fundi aondoe paneli kivulini na kuipeleka mbali, juu ya banda la kuku au nguzo ya uani, halafu aunge waya ule ule wa zamani kwa kuuongezea kipande. Umeondoa kivuli ukaweka waya unaokula umeme. Na kama umbali ni mkubwa, mita 20 au 30, na mahali papya hapana kivuli kabisa, basi mfululizo wa volti 24 unarudi kuwa na faida, kwa sababu ampea ni nusu. Mahali na waya huamuliwa pamoja, si kimoja baada ya kingine. Nguzo ya uani ina tatizo jingine, wezi. Wanaoweka paneli huko huzichomelea kwenye fremu ya chuma, na bado hulala jicho moja wazi.

BETRI INAKUFA POLEPOLE

Je, betri zile zilikuwa zimekufa? Moja ndiyo, nyingine iliokolewa kwa kuchajiwa polepole mjini siku mbili. Betri ya risasi na asidi ikikaa wiki nyingi bila kujaa, ndani yake hujenga ukoko mgumu wa chumvi kwenye sahani zake, na ukoko ukikomaa hautoki. Kivuli kilikuwa kimeiua betri bila kuigusa, tangu Mei, kila siku kidogo. Kununua betri mpya wakati ule, kama alivyoshauriwa, kungekuwa ni kuiua na ya tatu. Betri za lithiamu zinazouzwa siku hizi huvumilia zaidi hali ya kutojaa, lakini taa itazimika tu, maana nazo haziwezi kutoa kisichoingia.

Fundi alibadilisha muungo, akahamisha paneli ya mashariki mita tatu kuelekea ukingo wa magharibi wa paa, akaweka waya wa 6 wenye urefu wa mita 8. Fyuzi iliwekwa karibu na betri, jambo ambalo mafundi wengi huliruka. Betri iliyoungwa bila fyuzi, nyaya zikigusana, inaweza kuchoma nyumba. Yote hayo yaligharimu chini ya bei ya betri moja mpya. Wakati wa usiku taa zilifika saa nne, na baada ya wiki mbili simu za majirani zilianza kurudi. Kikundi kilimpa miezi miwili ya nafuu katika marejesho, baada ya majadiliano marefu, maana wengine walisema mkopo ni mkopo.

NA MWEMBE JE?

Haukukatwa. Mwembe mkubwa karibu na nyumba ya bati huipunguzia joto, na mtu mwenye mtoto mchanga anajua maana yake mwezi Oktoba. Maembe yana vitamini A, ambayo watoto wetu wanaihitaji kwa macho yao na kwa kinga ya mwili, na yanapatikana bure uani. Shemeji aliyetaka kuukata, ukweli ni kwamba alikuwa amekwisha kupatana bei ya mbao na kuni.

Matawi machache ya upande wa paa yalipogolewa. Wakati mzuri wa kupogoa ni baada ya maembe kwisha, kama Februari au Machi, kabla jua halijahamia kaskazini na kabla mti haujaanza kutoa maua ya mwaka unaofuata. Ukipogoa Julai unaangusha maua. Yeyote anayepanda karibu na matawi yanayoning'inia juu ya paneli akumbuke pia kwamba embe bichi likidondoka kutoka mita kumi hupasua kioo.

Kazi ndogo inayobaki ni ya mama mwenyewe. Kuanzia Agosti hadi mvua za kwanza za Novemba vumbi la Tabora, pamoja na moshi wa mioto ya msituni, hukaa juu ya kioo kama poda. Pangusa paneli kwa kitambaa laini na maji ya kawaida, asubuhi mapema kabla haijapata moto, maana maji baridi juu ya kioo cha moto yaweza kukipasua. Usitumie mchanga wala steelwool ya sufuria. Na kama huwezi kupanda juu ya paa, tuma kijana mwepesi, lakini usimruhusu akanyage paneli.

Katika zahanati mambo ni yale yale, ila hatari ni kubwa zaidi. Chanjo hukaa katika joto la nyuzi 2 hadi 8. Majokofu mapya ya sola katika vituo vingi hayatumii betri, yanagandisha barafu mchana na kuishi kwa barafu hiyo usiku, kwa hiyo yanategemea jua moja kwa moja. Kamati ya kituo inapopanda miti ya kivuli kwa ajili ya akina mama wanaosubiri kliniki, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, ipande upande wa kusini wa jengo na mbali na paneli, na iulize kwanza mti huo utakuwa na kimo gani baada ya miaka kumi. Mche wa mwembe unafika magotini tu siku unapopandwa.